Namna ya Kupoteza Gemu ya Kijapani Isionekane Tena

Watu wengi hudhani gemu hupotea zenyewe, kama soksi. Dhana hiyo inawavunjia heshima mafundi. Kuichukua gemu iliyotangazwa magazetini, ikauzwa madukani, ikawakosesha watoto usingizi, na kuifikisha mahali ambapo hakuna nakala hata moja inayowaka, ni kazi. Inataka mipango, inataka subira na, kama utakavyoona, inataka mapenzi. Japani wana uzoefu wa zaidi ya miaka 40 katika shughuli hii, na mbinu zote zilizomo humu nimeziazima kwao.

Mwongozo unamfaa mwenye kampuni, mkusanyaji, mrithi wa mkusanyaji, na yeyote mwenye boksi darini asilojua lina nini. Ila nikuonye mapema: wapo watu wakorofi, wengine Tokyo, wengine Ulaya na Marekani, ambao wakirudi kutoka kazini hawana starehe nyingine ila kukuharibia. Nitakuonyesha wanapojificha.

Kwanza, chagua chombo kinachojifia chenyewe. Usithubutu kuweka gemu kwenye kaseti ngumu yenye chipu ndani. Hizo ni sugu kama kobe. Za mwaka 1983, Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, ilipotoka, nyingi zinawaka mpaka leo. Nintendo waliliona kosa hilo mapema. Februari 1986 wakaleta Disk System, kidude cha kukaa chini ya Famicom kinachosoma diski za sumaku za rangi ya njano. Diski hizo nyingi hazikuwa hata na kile kifuniko cha kuzuia vumbi: utando uliobeba gemu uko wazi, unakodoleana macho na mtoto mwenye vidole vya peremende. Na ndani ya kisomeo kuna mkanda wa raba unaozungusha mambo. Raba ile ikizeeka hulegea, ikawa kama ubani uliotafunwa ukabandikwa chini ya dawati. Gemu inaweza kuwa nzima kabisa na usiifikie.

Huo lakini ni utangulizi tu. Ubingwa ulikuwa kwenye bei. Mtoto aliyechoka na gemu yake aliichukua diski, akaenda nayo duka la vinyago, akalipa yen 500, na mashine iliyosimama pale ikaifuta gemu ya zamani na kuandika mpya juu yake. Isome tena sentensi hiyo taratibu. Mteja mwenyewe ndiye anayelipia ushahidi ufutwe, halafu anatoka dukani akirukaruka. Huduma hiyo ilidumu, kwa namna moja au nyingine, mpaka 2003.

Brother nao, wale wale wa cherehani, waliona mwanga mwaka huo huo wa 1986. Wakaweka madukani mashine iitwayo Takeru: unachagua gemu ya kompyuta, unatumbukiza pesa, inakuandikia diski papo hapo. Hakuna shehena, hakuna ghala, hakuna boksi zuri la kumfanya mtu aone uchungu kulitupa. Mashine ziliondolewa 1997, na diski zake zikabaki zikifanana na diski nyingine yoyote iliyosahauliwa kwenye mtoto wa meza.

Mfano wa Konami siwezi kuuruka, kwa sababu naupenda kupita kiasi. Mwaka 1985 walitoa mashine za kumbi za michezo zilizohifadhi gemu kwenye aina ya kumbukumbu isiyofanya kazi mpaka ipate joto. Ukiiwasha, haikupi gemu. Inaanza kuhesabu kurudi nyuma huku ikikupigia muziki mwororo uitwao Morning Music, mpaka viungo vyake vichangamke. Ni gemu inayoota moto kwanza, kama mzee wa Lushoto asubuhi ya Julai. Gradius, gemu iliyokuja kuvuma dunia nzima, ilianzia humo. Kumbukumbu ile ilikuwa ghali, na sumaku ikipita karibu inaweza kuivuruga, kwa hiyo Konami wakaiacha upesi. Zilizobaki hai leo ni chache, na zinatunzwa kama mayai.

Ukishindwa kabisa na diski, uza hewa. Aprili 1995 Super Famicom, mrithi wa Famicom, ilipata kiungo kipya, Satellaview, kilichopokea gemu kutoka setilaiti kwa matangazo ya kituo cha St.GIGA. Agosti mwaka huo wakarusha toleo la pekee la Zelda kwa vipande vinne, kipande kimoja kila wiki. Mchezaji alitakiwa awe mbele ya televisheni saa iliyopangwa, kwa sababu sauti za waigizaji zilirushwa moja kwa moja kupitia setilaiti huku yeye akicheza, na saa ya gemu ilienda sawa kwa nchi nzima. Ukitumwa dukani, habari yako imekwisha. Sauti hazikuhifadhiwa popote kwenye kifaa. Gemu yenyewe ilikaa kwenye kijikasha cha megabaiti 1, pungufu ya picha moja ya chakula unayoipiga leo kwa simu, na wiki iliyofuata ukipokea gemu nyingine inakaa juu ya ile ya kwanza. Tena kabla ya kuchagua matangazo, mchezaji alizunguka katika kijimji kilichoitwa Mji Ulioibiwa Jina. Hawakutuficha. Tarehe 30 Juni 2000 matangazo yakazimwa, na mji nao ukaibiwa wote.

Hapa ndipo wakorofi wanapoingia. Wananunua vijikasha vikuukuu kwenye minada bila kujua vina nini, wanavisoma kimoja kimoja, na mara nyingi wanakuta gemu ile ile waliyoikuta mara 19 zilizopita. Mara ya ishirini wanakuta kitu ambacho hakuna aliyekiona tangu kirushwe. Wanasaka kanda za video za watu waliorekodi televisheni zao siku ile, wanazichomoa sauti za wale waigizaji, wanazirudisha mahali pake, kisha wanaibadili gemu ili isiulize setilaiti saa ngapi. Kazi ya miaka mingi, malipo hakuna. Huwezi kushindana na mtu asiyelipwa. Huna pa kumkatia mshahara.

Na kuna pigo baya zaidi: mwenye mali anapojirudi. Radical Dreamers, hadithi ya maandishi iliyorushwa kwa Satellaview mwaka 1996 ikiwa ndugu wa gemu ya Chrono Trigger, ilikuwa imetoweka sokoni vizuri tu. Mwaka 2022 Square Enix wenyewe wakaiuza tena. Usaliti wa namna hiyo hauna dawa.

Simu ndizo zilizoikamilisha sanaa hii. Kampuni ya simu ya NTT DoCoMo walifungua i-mode, huduma yao ya intaneti ya simu, Februari 1999, na mwaka 2001 simu za kukunja za Japani zikaanza kupakua gemu, miaka mingi kabla ya simu za kioo. Kampuni kubwa zote ziliandika humo. Square Enix walitoa Before Crisis mwaka 2004, kisa kinachotangulia Final Fantasy VII, haikuuzwa nje ya Japani, na huduma yake ikafungwa 2018. Uzuri wa mpango huu ni kwamba gemu ilifungwa pingu na simu pamoja na laini. Huwezi kuihamisha, huwezi kuiazima, huwezi kuirithi. Simu ikifa imekufa nayo. DoCoMo waliiwekea i-mode siku ya kuzikwa: 31 Machi 2026.

Wakorofi wamelijibu hili kwa njia ambayo, nakiri, iliniumiza roho. Wananunua simu mbovu kwa maboksi. Wanamwombea mwenye simu wa zamani awe mvivu, kwa sababu mvivu hafuti vitu. Halafu wanachukua mashine ya upepo wa moto, ile ile waliyo nayo mafundi simu wa Kariakoo, wanaibandua chipu ya kumbukumbu, wanaisoma yote, na humo katikati ya ujumbe wa mapenzi wa mtu na picha za paka wake, wanaikuta gemu ya kilobaiti mia kadhaa. Ujumbe wa mapenzi, natumaini, hawausomi. Wakati huo huo kampuni ya G-Mode imekuwa ikizitoa upya gemu za simu za kukunja tangu 2020, moja moja, kama mtu anayerudisha deni kwa sarafu.

Kama wewe ni mtu wa kutokuamini wateja, ifungie gemu bomu la wakati. Capcom mwaka 1993 walitoa bodi za CPS-2 kwa ajili ya kumbi za michezo. Ndani waliweka betri ndogo yenye kazi moja, kushikilia funguo za siri za kuifungulia programu. Betri ikiisha, funguo zinafutika, na mashine uliyoinunua kwa halali inakuonyesha kioo kitupu cha rangi moja. Ilikusudiwa kuwakomoa wezi. Mwizi hana bodi, kwa hiyo aliyekomolewa ni mwenye risiti. Mpango ulitulia hivyo mpaka 2007, watu wawili, mmoja wao Nicola Salmoria aliyeanzisha MAME mwaka 1997, walipoupasua usimbaji wake. Mwaka 2016 wakorofi wengine wakagundua namna ya kuzirudisha funguo kwenye bodi iliyokwisha kufa, bila kubadili hata chipu moja. MAME yenyewe, kama huijui, ni programu inayojifanya mashine ya ukumbini, na imeshajifanya mashine maelfu. Iweke kwenye orodha ya maadui, mstari wa juu.

Sasa tuje kwa mpotezaji mkuu. Betri na raba ni vibarua wake tu. Huyu ni mpenzi.

Ni mkusanyaji aliyeitafuta gemu miaka 15, akaipata, akalipa pesa ya kununulia kiwanja, na sasa ameifungia kabatini. Mwombe ruhusa ya kuinakili uone. Anashtuka kama umemwomba figo. Na hesabu yake imenyooka: nakala pekee duniani ina bei kwa sababu ni pekee, ukiitoa kwa watu wote ataamka asubuhi ana diski ya plastiki. Huyu haibii mtu, hadanganyi mtu, na anaijua gemu ile kuliko walioitengeneza. Anaifuta vumbi kila Jumapili. Ushauri wangu kwake ni mdogo: asifungue kamwe ile plastiki ya boksi. Kuvu hawahitaji kufunguliwa mlango.

Kuvu nawapa sifa zao. Majira ya joto ya Japani yana unyevu wa kumfurahisha mtu wa Pemba, na diski za inchi 5.25 za kompyuta kama PC-8801 ya NEC zimekaa katika unyevu huo zaidi ya miongo mitatu. Itoe moja kwenye bahasha yake uitazame kwa taa ya pembeni. Kwenye utando wa kahawia kuna madoa meupe, mengine ya mviringo, mengine yamesambaa kama chumvi iliyokauka kwenye ngozi ya mvuvi. Ukitaka kuimaliza, ni rahisi: isukume kwenye kisomeo na ubonyeze kitufe. Kichwa cha kusomea kitalikwaruza doa, doa litaondoka na unga wa sumaku, na diski ikitoka utaona duara jembamba linalong'aa, safi, kama kioo. Pale ndipo ilipokuwa gemu.

Wakorofi hawabonyezi kitufe. Tokyo wana shirika lao lisilo la faida tangu 2011, Game Preservation Society, linaloongozwa na Joseph Redon, Mfaransa, maana ukorofi hauna mipaka. Mtu wa aina hii huuzungusha utando kwa kidole, sentimita kwa sentimita, akiufuta kwa pamba na spiriti kupitia lile dirisha dogo la bahasha. Husafisha kichwa cha kisomeo kabla ya diski inayofuata. Halafu hanakili mafaili. Anarekodi sumaku yenyewe ilivyo, kilima na bonde, kwa sababu watengenezaji wa enzi zile waliziharibu makusudi sehemu fulani za diski ili ziwe kufuli: gemu ikiwaka huenda kuzikagua, ikizikuta nzima inajua imenakiliwa na inagoma. Kwa hiyo nakala iliyo safi kuliko ya asili ni nakala mbovu. Akimaliza anatafuta diski ya pili ya gemu ile ile kutoka nyumba nyingine, alinganishe, maana huenda mwenye ile ya kwanza aliandika alama zake juu yake mwaka 1984. Diski moja yaweza kula siku nzima. Nawaza tu ni kitu gani kinachomfanya mtu ale chakula baridi kwa ajili ya gemu ya tenisi ambayo hata ilipokuwa mpya haikuwa nzuri.

Hilo ndilo la ajabu kwao: hawachagui. Bio Force Ape, gemu ya sokwe mpiga mieleka ya kampuni ya SETA, ilitajwa magazetini mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha ikatoweka bila kuuzwa. Kwa miaka watu waliihadithia kama jini wa mbuyuni. Mwaka 2010 nakala ya majaribio ikatokea kwenye mnada wa Yahoo wa Japani, wakorofi wakainunua, na mwaka uliofuata wakaimwaga wazi kwa kila mtu. Wangeweza kuikalia. Wewe ungeikalia, mimi pia.

Kuhusu sheria sina haja ya kukuchosha. Sheria iko upande wako. Desemba 2018 Japani ilirefusha hakimiliki kutoka miaka 50 hadi 70, wakati diski ya sumaku ikifika 40 ni ya kushukuru Mungu. Njia bora kabisa ni kufilisika. Kampuni ikifa, haki zake hugawanyika kama shamba la marehemu mwenye wake wanne, na anayetaka ruhusa hajui pa kubisha hodi. Kuna Maktaba ya Bunge la Japani, ambayo tangu mwaka 2000 hukusanya kisheria pia kazi za kidijitali zinazouzwa zikiwa kwenye boksi, gemu zikiwemo. Usihamaki. Peleka diski, hakuna aliyesema upeleke na mashine ya kuichezea. Hatari ni mtunzi mwenyewe akiwa king'ang'anizi. Garage, gemu ya ndoto mbaya iliyotoka 1999 kwa nakala chache mno hata ikawa inauzwa kwa bei ya kichaa, muundaji wake Tomomi Sakuba aliitoa upya kwenye simu zaidi ya miaka 20 baadaye. Sasa mtu yeyote anaicheza kwenye daladala.

Kuna adui mmoja wa mwisho, nami nilikulia mikononi mwake. Maharamia.

Famicom halisi sikuiona Tanga. Tulichokuwa nacho ni kile kifaa cha bandia kilichoitwa tivii gemu, chenye bastola ya plastiki na kaseti ya njano iliyojitapa kuwa na gemu 9999 ndani yake. Ukizihesabu ni kama 30, zinazorudiwa kwa majina tofauti mpaka uchoke. Humo ndimo tulimopigania gemu ya vifaru, ambayo ukubwani nilikuja kujua ni Battle City ya Namco, ya mwaka 1985, iliyouzwa Japani tu. Aliyetutengenezea kaseti hakuwa na leseni wala aibu. Alilifuta jina la kampuni, akaufuta mwaka, na gemu nyingine akaibadilisha hata jina, ndiyo maana ipo moja, ya mtu na ngazi, ambayo nimeitafuta mpaka leo sijui inaitwaje. Mwizi aliyeliiba jina akaacha mwili. Kwa viwango vya mwongozo huu amefeli vibaya, maana gemu zenyewe alizisambaza mpaka Chuda na Ngamiani.

Idi iliyopita nilikwenda nyumbani nikamuuliza mama kama ile kaseti ipo. Alifikiri kidogo, akanipeleka chumbani, akaninyooshea kidole chini ya kabati la nguo. Ilikuwa imekunjiwa kitambaa na kutiwa chini ya mguu wa nyuma, ule uliolika na mchwa. Njano yake ilikuwa imegeuka rangi ya jino. Nikalala kifudifudi, nikainua kabati kwa bega, nikaanza kuivuta.

"Iache hiyo, baba," mama akasema. "Imelishika kabati tangu tumehamia. Ukiitoa nitaweka nini?"